Barua kwa Mhariri: Baltimore hakuachana na virusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana maana najua kawaida yenu, mtu anaandika barua akija kuisoma gazetini anajiuliza hii ni yangu au ya jirani.

Nimesoma makala yenu ya kumkumbuka David Baltimore, yule mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki Septemba 2025 akiwa na miaka 87. Kwanza asanteni, mwanasayansi akifa mara nyingi hapati hata mistari miwili na nyie mmempa ukurasa mzima na picha (hiyo picha nitairudia). Ila kuna sentensi moja imenikwama kooni tangu Jumamosi. Mwandishi wenu anasema baada ya Nobel jamaa "aliachana na virusi akahamia kwenye kinga ya mwili na baadaye akahamia kwenye jeni", yaani kama mpangaji anayehama nyumba kila mkataba ukiisha. Mi nipo maabara mwaka wa kumi na sita sasa, kazi yangu ni kupima wingi wa virusi kwenye damu, na nawaambia hiyo sentensi sio kosa dogo kama la tarehe, ni kwamba mmemkosa mtu mwenyewe.

Nianze na kitu ninachokijua kwa mikono yangu. Wakati naanza kazi hatukuwa na hizi mashine za sasa hivi za kusukumiza sampuli ndani halafu unaenda kunywa chai, tulikuwa tunachanganya wenyewe kwa pipeti. Kuna kakichupa kadogo kama ncha ya kidole, kanakaa friza, ukikatoa kanaingia kwenye barafu hapo hapo, unakashika kwa juu kwenye kifuniko maana joto la vidole tu linaweza kukuharibia, ndani kuna tone la kimiminika kizito kizito ambacho hata hakionekani vizuri mpaka uinue kwenye taa. Bosi wangu wa kwanza alikuwa anasema kikianguka hicho bora ungeanguka wewe. Humo ndani ni kimeng'enya, sisi maabara tunasema enzaimu, na kazi yake ni kusoma RNA na kuandika DNA. Virusi vya Ukimwi vikiwa kwenye damu vinabeba RNA, na ile mashine ya kuzidisha nakala inazidisha DNA tu, so bila hicho kichupa hatuhesabu kitu. Na enzaimu nyingi za aina hiyo zinazouzwa maabara chimbuko lake ni virusi vya saratani ya damu ya panya. Panya, ndio, shikeni hilo.

Hiyo enzaimu ndo aliyoikuta Baltimore mwaka 1970 akiwa chuo cha MIT kule Marekani, ana miaka 32. Makala yenu imesema "aligundua kwamba virusi vina DNA". Hapana jamani. Kuna virusi vyenye DNA vilishajulikana zamani, hiyo haikuwa habari. Habari ilikuwa mwelekeo. Kila aliyesoma biolojia anakumbuka, DNA iko kwenye kiini cha seli kama kitabu kisichoazimishwa nje, RNA ndo nakala inayotolewa, nakala inaenda kutengenezewa protini. Watu walikuwa wameshazoea kwamba njia hiyo ni ya upande mmoja, kutoka DNA kwenda RNA. Kulikuwa na mtu mmoja, Howard Temin, tangu 1964 anasema virusi vya uvimbe wa kuku, ambavyo ni vya RNA, vikiingia kwenye seli vinajigeuza DNA, na watu wengi walimwona kama anaota. Na hapa kuna kitu makala imeruka kabisa: Temin na Baltimore walikuwa wanajuana tangu Baltimore ni mwanafunzi wa sekondari, walikutana kwenye programu ya likizo ya Jackson Laboratory pale Bar Harbor, Maine, Temin akiwa ndo kaka mkubwa wa kuwaelekeza vijana.

Lakini Baltimore hakufika kwenye jibu kwa njia ya Temin. Yeye alitokea kwenye polio. RNA ya polio ikiingia kwenye seli inasomeka moja kwa moja, seli inadhani ni nakala yake yenyewe inaanza kutengeneza protini. Afu wakaja kwenye virusi vingine, vile vinavyowatoa ng'ombe na farasi malengelenge mdomoni, na hapa mbele yake alikuwepo Alice Huang, ambaye nyie mmemwandika kwa neno moja, "mkewe". Alice Huang ni mtaalamu wa virusi kwa haki yake na hivyo virusi vya malengelenge yeye ndo alikuja navyo. Shida ya hivyo virusi ni kwamba RNA yake iko kinyume, seli haiwezi kuisoma, na seli haina chombo cha kuigeuza. Sasa vinazaaje? Jibu likawa vinakuja na chombo chao mfukoni, enzaimu iko ndani ya kirusi chenyewe. Hiyo ndo akili ya kazi nzima, nyingine ni kuuliza tu, nani mwingine kabeba chombo mfukoni?

Akachukua virusi vya lukemia ya panya, yaani ile saratani ya damu. Kwanza akatafuta enzaimu ya kutengeneza RNA, hakuna. Basi akajaribu ya kutengeneza DNA. Unafungua kirusi kidogo, unakipa zile herufi nne za DNA (A, C, G na T), ile T umeitia mionzi, unasubiri, halafu unahesabu mionzi kwenye kilichojengwa. Mionzi ikapanda. Na ili asije akasingiziwa kwamba ni uchafu tu, akatanguliza kitu kinachokula RNA, na kazi ikaporomoka, maana yake kinachosomwa kweli ni RNA. Ndo hivyo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya benchi akisoma hiyo anasikia wivu, ni jaribio ambalo unaweza kulieleza kwa fundi mwenzako mkiwa mmesimama mlangoni. Ripoti yake ilitoka kwenye jarida la Nature Juni 1970, kurasa tatu, inaishia ukurasa wa 1211, na hapo hapo ukurasa wa 1211 inaanza ya Temin na Satoshi Mizutani, wamekuta kitu kile kile kwenye virusi vya kuku. Mwaka 1975 wakapewa Nobel, Baltimore na Temin pamoja na Renato Dulbecco. (Na Francis Crick, mmoja wa wale walioeleza umbo la DNA, ambaye ndo wengi walimsingizia ile sheria ya upande mmoja, aliandika mwaka ule ule wa 1970 kwamba yeye hakuwahi kusema kurudi nyuma haiwezekani. Watu walimsoma vibaya. Yaani hata wakubwa wanasomwa vibaya, so mwandishi wenu asijisikie peke yake.)

Ile herufi T yenye mionzi mnaijua ilikuja kuwa nini? Dawa ya kwanza ya Ukimwi iliyoruhusiwa Marekani 1987, AZT, ni T ya bandia. Enzaimu inaiokota ikidhani ni T, inaiunga, halafu haiwezi kuendelea, kama zipu iliyokwama. Lamivudine ni C ya bandia, tenofovir ni A ya bandia, mchezo ni ule ule mpaka leo, kila anayemeza kidonge chake usiku anaikwamisha ile enzaimu ya kurasa tatu.

Sasa njooni kwenye hilo la "kuhama". 1971 Baltimore akapanga virusi vyote vya dunia kwenye makundi sita, la saba likaongezwa baadaye na wengine. Hakuvipanga kwa umbo wala kwa ugonjwa vinaoleta, alivipanga kwa swali moja, kirusi hiki kinafikaje kwenye ile nakala inayosomeka na seli? Mwanafunzi anakariri makundi, mi nilikariri na nikasahau na nikakariri tena, lakini ukiliangalia hilo swali utaona mtu anawaza kitu kimoja: ujumbe upo, nani anaruhusu usomwe, lini, na kwa chombo gani. Kinga ya mwili baadaye ni swali hilo hilo. Jeni ni swali hilo hilo.

Na virusi ndo vilimvusha. Kuna kirusi kingine cha panya kinaitwa Abelson, kinaleta lukemia, maabara yake ikakuta kwamba ukikimwaga kwenye seli changa za damu za panya kwenye sahani, kinazikamata na kuzifanya zigawanyike bila kufa. Zile seli ni zipi? Ni seli B changa, ambazo ziko katikati ya kujifunza kutengeneza kingamwili. So ghafla unazo kwenye friza seli zilizoganda katikati ya kazi ambayo kila mtaalamu wa kinga alikuwa anaitafuta usiku na mchana. Hakuhama nyumba, Mhariri, alifungua mlango wa chumba cha pili kwenye nyumba ile ile na ufunguo ulikuwa kirusi. (Hicho hicho Abelson kilitoa kingine. Mwaka 1980 wakaonyesha protini yake inabandika fosfeti kwenye protini zingine, na ndugu yake wa kwenye binadamu ndo anayesababisha aina moja ya saratani ya damu ambayo dawa yake, imatinib, ilitoka 2001. Hiyo ingetosha makala nzima peke yake, naipita.)

Kwenye kinga kulikuwa na fumbo. Mwili unatengeneza kingamwili za aina mamilioni na jeni zako zote ni kama elfu ishirini, hesabu haikubali. Susumu Tonegawa alishaonyesha 1976 kwamba seli B inakata vipande vya jeni na kuviunga upya, kila seli kwa mpangilio wake. Ila nani anakata? David Schatz na Marjorie Oettinger wakiwa vijana kwenye maabara ya Baltimore wakafanya ujanja ambao mi nauona mtamu kuliko hata ule wa 1970. Wakachukua seli za kawaida tu ambazo hazijui kabisa hiyo kazi ya kukata, wakaziwekea kipande cha jeni ya kuzilinda na sumu lakini kikiwa kimegeuzwa juu chini, hakifanyi kazi mpaka kikatwe na kugeuzwa. Halafu wakazimwagia DNA ya seli nyingine vipande vipande, wakatia sumu. Karibu zote zikafa. Zilizobaki maana yake zimepata mkasi! Wakaufuata mkasi mpaka wakazikuta jeni mbili zilizokaa jirani, RAG1 na RAG2, ripoti zikatoka 1989 na 1990. Mtoto akizaliwa hizo jeni hazifanyi kazi, seli B na seli T hazikomai na anabaki hana kinga. Na leo inakubalika kwamba huo mkasi mababu zetu waliupata kwa kipande cha DNA kinachorukaruka, mdudu wa zamani aliyeingia akakaa akafugwa. Sasa niambieni hapo virusi viko wapi na kinga iko wapi, mi siuoni mpaka.

Halafu 1986, NF-kB, ambayo makala imeiita "protini ya seli B". Ni kosa linalosameheka kwa sababu jina lenyewe linadanganya. Ranjan Sen, kwenye maabara hiyo hiyo, alikuwa anachanganya majimaji ya seli na kipande cha DNA chenye mionzi, anavipitisha kwenye jeli kwa umeme. DNA iliyo peke yake inakimbia, iliyoshikwa na protini inachelewa, unaona mstari umebaki juu. Kuna mstari ukaonekana kwenye seli B tu. Wakaupa jina la seli B. Na muda mfupi tu, kabla hata mwaka haujaisha, wakakuta ukizishtua seli za aina nyingine mstari unatokea huko pia, na unatokea hata ukizizuia seli zisitengeneze protini mpya yoyote. Maana yake protini ilikuwepo muda wote, imelala. 1988 Patrick Baeuerle akaonyesha imelala wapi, nje ya kiini, imeshikwa na protini ya pili kama mtu aliyefungwa mikono, na ukitia chumvi ya nyongo ambayo inafanya kazi kama sabuni, kamba zinafunguka na mstari unaonekana. Yaani ni kengele ya hatari. Kila seli inayo, imefungwa, bakteria akija au ujumbe wa hatari ukifika kamba inakatwa, protini inaingia kwenye kiini na kuamsha jeni kibao za vita.

Na 1987, katikati hapo, Gary Nabel na Baltimore wakaonyesha kwamba virusi vya Ukimwi vimejiwekea kwenye kichwa cha jeni zake sehemu za kushikwa na NF-kB, kawaida mbili, kuna aina zina tatu. Naomba mwandishi wenu akae na hii kidogo. Kirusi kinaingia kwenye seli ya kinga, kinajigeuza DNA kwa ile enzaimu ya 1970, kinajichomeka kwenye DNA yako, halafu kinaweza kulala. Kinasubiri nini? Kinasubiri kengele yako mwenyewe. Seli ikiitwa vitani, NF-kB inaingia kuamsha jeni za ulinzi, inakiamsha na chenyewe. Virusi, kinga na jeni kuamka au kulala, vyote vitatu kwenye kipande cha DNA kifupi kuliko sentensi hii nikiiandika kwa herufi, na mtu yule yule mkono wake uko kwenye kila kipande. Mkisema aliachana na virusi 1975 hii ya 1987 mtaiweka wapi?

Na hilo sio la kitabuni kwangu. Nina majibu ya watu ambao miaka na miaka kipimo kinasoma "haionekani", safi kabisa, halafu mtu anaacha dawa na baada ya wiki kadhaa karatasi inarudi na namba ya kutisha. Wanauliza ilikuwa wapi. Ilikuwa imelala kwenye seli, na dawa za kukwamisha enzaimu hazina la kufanya na kilichokwisha kujichomeka, zinazuia kisijichomeke kwenye seli mpya tu. Mi nikisoma hiyo namba kwenye skrini nawaza ile kengele.

Akiwa mzee kule Caltech, ambako alikuwa rais wa chuo kuanzia 1997 hadi 2006, maabara yake ikakuta breki. NF-kB ikiamka inawasha pia ka-RNA kadogo kanakoitwa miR-146, na hako kanazima wale wanaoiamsha NF-kB. Panya asiye nako akizeeka anavimba mwili mzima kwa kinga isiyojua kunyamaza na anaishia kwenye saratani. Ripoti ya kwanza 2006, mtu ana miaka 68, bado ni lile swali lake la ujana.

Sasa lile la kashfa. Mmeandika "alihusishwa na kashfa ya kughushi takwimu". Kwa Kiswahili "alihusishwa" ni neno la kumtupia mtu tope halafu unanawa mikono. Baltimore mwenyewe hakushtakiwa kughushi kitu chochote. Aliyeshtakiwa ni mwenzake kwenye ripoti ya 1986, Thereza Imanishi-Kari, baada ya mtafiti kijana Margot O'Toole kusema data haziendani na ripoti. Likafika mpaka bunge la Marekani, mpaka wapelelezi wa Secret Service wanapima wino wa madaftari ya maabara, yaani. Baltimore alimtetea mwenzake kwa ubishi mpaka akajiuzulu urais wa chuo kikuu cha Rockefeller mwishoni mwa 1991, na 1996 jopo la rufaa likafuta mashtaka yote 19. Mi maoni yangu, na hapa mnaweza kunipinga: kwenye kughushi alikuwa sahihi, na kwenye O'Toole alikosea. Kijana anakuja na daftari anasema hapa hapaelewani, unakaa naye unafungua daftari, humpi hotuba. Mwenyewe 1991 alimwomba radhi hadharani. Hata 2021 alivyotamka kwa nguvu kwamba kipande kimoja cha kirusi cha korona kinaonyesha kilitengenezwa, alirudi akasema maneno yalikuwa makali mno. Alikuwa na mdomo mwepesi, kubalini tu, haimpunguzii kurasa zile tatu.

Kwa hiyo ombi langu ni masahihisho. Futeni "aliachana". Mtajeni Alice Huang kwa kazi yake. Mseme wazi nani alishtakiwa na nini kilitokea 1996. Na ile picha mliyoweka juu kabisa, yenye kichwa cha pembe pembe na miguu kama buibui, mkaandika chini "virusi vya aina aliyovichunguza Baltimore", ile ni faji, inashambulia bakteria, haina habari na panya wala na damu ya mtu.

Wenu msomaji,
Fundi wa maabara